Hasna Anajifunza Kutaja Kasoro

Hasna wa Unguja alifika Guangzhou na Kiingereza cha kuombea maji, na kwa miaka mingi hakuhitaji zaidi. Kule Shahe, soko la nguo za jumla alikokuwa akiwachagulia nguo wafanyabiashara wa Dar, mtu alibonyeza bei kwenye kalkuleta, mwenzake akaitikia kwa kichwa, mambo yakaisha. Zipu ikikwama, muuzaji atasema xiao wenti, tatizo dogo. Shati likiwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, xiao wenti. Hasna naye aliitikia vivyo hivyo, maana kulitaja tatizo kwa ukubwa wake ni kumwaibisha mwenye duka mbele za watu, na kesho utarudi kwake kwa sura gani?

Kisha magoti yakaanza kugomea ngazi za masoko, akaomba kazi ya ukaguzi wa bidhaa katika ofisi moja ya Tianhe. Walimchukua kwa majaribio. Ripoti ziandikwe kwa Kiingereza, tena Kiingereza chenye tai shingoni. Kawira, Mkenya aliyewahi kuifanya kazi hiyo, akawa anamfundisha katika mgahawa wa Dengfeng.

"Kasoro ni za aina tatu," alisema Kawira. "Minor, mteja hata hatajali. Major, atarudisha. Critical, mtu anaweza kuumia, so mzigo wote unasimama. Hiyo small problem yako huku haiko, dada."

Hasna aliyameza maneno yote ya kazi: consignment, compliance, non-conformity. Aliyatamka jikoni, akayatamka akipanda lifti, majirani wakamkodolea macho. Kilichomshinda ni kuyatumia juu ya bidhaa ya mtu anayemjua. Kila zoezi alijibu minor. Kawira alidhani ni uzito wa lugha. Wapi!

Mzigo wa kumpimia Hasna kazini ukatoka kwa Liang. Huyu ndiye mama muuzaji aliyemlelea mwanawe alipokuwa mchanga, akimlaza juu ya marobota dukani kwake Shahe wakati Hasna akizunguka sokoni. Siku hizi Liang ana kiwanda kidogo cha nguo za watoto. Hasna alipitisha mkono kwenye pindo la suruali ya mtoto, kitu kikamchoma. Ilikuwa ncha ya sindano iliyovunjikia humo.

"Xiao wenti," Liang akacheka, akiichomoa. "Moja tu, mdogo wangu."

Hasna aliona uchungu, na hasira pia: kwa nini iwe kwa huyu? Angeandika minor, nani angejua? Lakini palipovunjika sindano moja, nani anajua nyingine zimebaki wapi? Akaandika critical. Haikuwa ngumu. Lilikuwa neno la ofisini tu, halijawahi kumkasirisha mtu yeyote mbele yake.

Liang akachukua kalamu atie sahihi. Kiingereza hajui hata kidogo, na hakuuliza kilichoandikwa. Aliyeandika ni Hasna, ikamtosha.

"Subiri, dada." Hasna akamshika mkono. Akasema lile ambalo sokoni halisemwi. "Da wenti. Tatizo kubwa. Mzigo huu hautoki."

Cherehani zikanyamaza. Mafundi wote walikuwa wamesikia. Liang alimtazama, akainama, akatia sahihi. Kisha akamkabidhi karatasi kwa mikono miwili, kwa adabu zote, kama anavyomkabidhi mteja asiyemjua.