Aliyeshika Tairi

Kabla sijaanza, weka hilo tabasamu pembeni. Najua unachowaza: huyu mama amezunguka na maziwa juani miaka mingi, sasa na akili zimechachuka. Sawa. Lakini mimi si mtu wa kuamini ovyo. Ukinipa soda, kwanza naipandisha kwenye mwanga nione kama kuna mdudu. Mwinjilisti akisema tufumbe macho tuombe, mimi moja nabakiza wazi, kwa sababu mkoba wangu uko kwenye benchi na jirani simjui. Kwa hiyo nikikuambia kwamba jambo hili lilitokea, mchana, mimi mwenyewe nikiwa kwenye usukani, tafadhali niamini. Mdogo wangu Marwa alikuwa kiti cha pembeni. Nenda Nyanungu ukamuulize.

Nina pikapu. Kila asubuhi nakusanya maziwa Nyanungu na Gorong'a, nayashusha Sirari. Mvua za vuli zilipokaribia nikanunua matairi mapya manne, kwenye duka moja karibu na mpaka, na nikapewa waranti. Sikununua kwa sababu ya maziwa tu. Binti yangu Robi ameolewa Isebania, ng'ambo hapo, na alikuwa na mimba yake ya kwanza. Nilimwahidi akijifungua nitakwenda kukaa kwake: nimkande, nimkorogee uji, nimshike mtoto usiku yeye apate usingizi. Mama yangu alinifanyia hivyo mimi, na sijasahau. Sikutaka siku hiyo gari linilaze njiani.

Sasa sikiliza kosa lilipoanzia. Huku kwetu tairi jipya halikai muda kabla mwizi hajalipigia mahesabu. Marwa, ambaye ndiye anakaa na ng'ombe tangu baba afariki, akasema dawa ni moja tu, tuyapige chapa. Akawasha moto, akachukua kile chuma cha baba cha kuchomea ng'ombe, akakigusisha kidogo ubavuni mwa kila tairi, upande wa nje. Mistari miwili na upinde. Nani ataiba tairi lenye alama inayojulikana mpaka kwa ndugu zetu walioko Kenya? Moshi wa mpira ukajaa boma zima, tukakohoa na kucheka.

Lakini kuna jambo moja kuhusu ile chapa. Baba alipokuwa hai, hakuna ng'ombe mwenye alama yake aliyetoka zizini bila yeye kuambiwa. Awe anauzwa, awe wa mahari, awe wa kuchinjwa, lazima mzee aambiwe kwanza. Alipofariki, Marwa akaendelea hivyo hivyo. Anasimama mlangoni mwa zizi, anamwita baba kwa Kikurya, anasema kwa sauti, "Tata, huyu mwekundu anaondoka, anakwenda kwa fulani." Basi, hamwagi kitu wala hachinji kuku. Sisi ni watu wa kanisa, na mwinjilisti wetu akisikia huwa anacheka tu, anasema ni adabu ya mtoto kwa mzazi. Hata mimi niliona ni adabu.

Haikupita miezi miwili, tairi la nyuma kushoto likaota nundu, kwa upande wa ndani. Marwa akaanza utani wake. "Dada, ng'ombe haelemewi na nundu yake. Endesha tu." Mimi sikucheka. Tairi lenye nundu likipasuka mteremkoni, maziwa na mwenye maziwa wanakwenda pamoja. Na Robi alishaanza kulalamika kiuno. Tukalifungua, tukafunga la akiba lililokwisha kipara, tukashuka Sirari.

Nilikwenda nimejiandaa kwa ugomvi, nisikufiche. Waranti kwangu ni maneno ya kukutoa dukani ukiwa unacheka. Muuzaji ni kijana wa ng'ambo, mpole, na alipoiona ile chapa akashika kiuno.

"Mathe, si hii imechomwa? Hapa mtanisumbua na kampuni."

"Geuza," nikamwambia. "Chapa iko nje, nundu iko ndani. Moto ulipita wapi?"

Akageuza, akapapasa ile nundu, akamulika ndani kwa tochi ya simu. Akaguna. "Ni kweli. Hii ni shida ya kiwanda. Nitakupea ingine."

Kirahisi hivyo! Nikashuku zaidi kuliko kama angekataa. Nikalikagua lile jipya, nikamfanya anisomee namba zake zote, nikalinusa. Lilikuwa zima. Akalifunga garini, halafu akatoa kisu kinene.

"Hii ya zamani lazima nikate," akasema. "Kampuni inataka ikirudi iwe imekatwa, asiuziwe mtu mwingine. Nishikieni."

Marwa akapiga magoti, akalikumbatia lile tairi kwa mikono yote miwili, vile vile anavyomshika dume siku ya kuchinja. Kijana akachoma kisu. Ubavu wote ule, na kisu kikaingilia kwenye chapa, kikashuka katikati ya ile mistari miwili. Marwa akainua uso, anacheka. "Dada, tumechinja na Tata hajaambiwa." Nikacheka na mimi, na yule kijana akacheka bila kujua tunacheka nini.

Tukiwa njiani Robi akapiga. "Mama, umepata tairi?" Nikamwambia nimepata, uchungu ukianza anipigie saa yoyote, nitakuja na nitakaa. Nilikuwa na furaha siku ile, we acha tu.

Tulipofika kwenye kona za Gorong'a jua lilikuwa bado liko juu ya mlima. Tukakuta ng'ombe wamejaa barabarani. Hawavuki, hawali, wamesimama tu vichwa chini. Nikapiga honi. Hakuna aliyeinua hata sikio. Wewe umewahi kuona ng'ombe asiyestuka kwa honi? Na mwenye kuwachunga hayupo.

"Funga kioo," nikamwambia Marwa. "Hawa ni chambo." Maana wezi wa barabarani ndivyo wanavyofanya, wanaziba mbele halafu wanatokea nyuma. Nikaweka gia ya kurudi nyuma, nikatazama kioo cha pembeni. Mzee mmoja mwenye fimbo alikuwa amesimama nyuma ya gari, karibu kabisa. Ningerudi hata hatua moja ningemkanyaga.

Nikashusha kioo kidogo. "Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Sasa niambie, ni mzee gani wa huku, hata awe amelewa, hata awe ametoka kugombana na mkewe, ataiacha shikamoo hewani? Nikajiambia, huyu hata kama ni mwizi, si mwizi wa kawaida.

Akaanza kulizunguka gari. Akagonga tairi la nyuma kulia kwa fimbo, taratibu. Akaja la mbele upande wangu, akagonga. Akapita mbele ya gari, katikati ya ng'ombe, nao wakampisha bila kuinua vichwa. Akagonga la mbele kushoto. Hivyo ndivyo baba alivyokuwa akigonga mgongo wa kila ng'ombe anayeingia zizini jioni, asipotee hata mmoja. Alipofika kwenye lile jipya akainama, akakaa hapo kidogo, akainuka bila kuligusa. Kisha akarudi dirishani kwangu.

Alisema Kikurya cha zamani, kile nilichokisikia kwa bibi yangu nikiwa mdogo.

"Mmoja si wetu. Wetu yuko wapi?"

Alisema hivyo, kama anaulizia mnyama. Nikajibu kwamba limebaki Sirari.

"Hai?"

Utasemaje kuhusu tairi, kwamba li hai au limekufa? Marwa, ambaye ulimi wake haujui kusubiri, akajibu kwa niaba yangu. "Limekatwa."

Ng'ombe wote wakainua vichwa kwa pamoja, na nakuapia sikusikia hata nzi.

"Nani alishika?"

"Aliyekata ni muuza duka," nikadakia.

"Sikuuliza aliyekata."

Unajua kwetu anayemshika mnyama na anayemchinja ni kitu kimoja. Nikaona Marwa anafungua mdomo. Mdogo wangu huyu ni mkweli mpaka anakera, hata utotoni akivunja chungu alikuwa anakwenda kujisemea mwenyewe kabla hajaulizwa. Ni ndugu yangu pekee, nimembeba mgongoni mimi, na ana watoto wadogo watatu. Sikujua yule ni nani wala anataka nini. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba jina la Marwa lisitoke mle garini.

"Mimi," nikasema. "Ni mimi niliyeshika."

Akaitazama mikono yangu kwenye usukani, muda mrefu. Niliogopa, ndugu yangu, lakini sikuiondoa pale.

"Basi utahesabiwa wewe mahali pake," akasema. Akagonga mlango wa gari kwa fimbo, hapa usawa wa bega langu, taratibu, sawasawa na alivyogonga yale matairi.

Ng'ombe wakaachana, njia ikawa nyeupe. Nilikanyaga mafuta mpaka Marwa akashika dashibodi. Nilipotazama nyuma niliona vumbi langu tu.

Nilipunguza mwendo karibu na nyumbani. Halafu Marwa akasema, "Dada, yule kijana mbona alikuwa na sauti nzito vile?"

"Kijana gani?"

"Si yule mwenye fimbo. Si ni rika langu yule?"

Hapo nikasimamisha gari. Mimi niliona mzee mwenye mvi. Marwa mpaka leo anaapa aliona kijana ambaye hata ndevu hazijakomaa. Maneno tuliyasikia sawa, neno kwa neno.

Wiki ile ile Robi akashikwa na uchungu. Nikavuka, nikamkuta ameshajifungua, mtoto wa kiume, mwenye sauti ya kudai. Nikampokea mikononi nikalia kama mjinga. Jua lilipozama simu ikaita. Ni Marwa. "Dada, ng'ombe wamekataa kuingia zizini. Wamesimama mlangoni, wote, wanatazama barabara." Nikamwambia awachape. Alfajiri akapiga tena, ng'ombe wetu bora wa maziwa amekutwa amekufa, hana jeraha, hajavimba, na wengine bado wamesimama vile vile. Nikarudi mbio. Nilipovuka lango la boma, niamini, wakageuka wote wakaingia zizini, mmoja mmoja, kama kundi lililokuwa linamsubiri wa mwisho.

Nikasema ni ugonjwa, bahati mbaya tu. Mwenye shaka ni lazima ajaribu, si ndiyo? Baada ya muda nikaenda tena kwa Robi nikalala. Ng'ombe mwingine akafa, na mtoto wa mwisho wa Marwa akaamka anachemka homa. Nilipoingia tu bomani, homa ikashuka. Tangu hapo sijajaribu mara ya tatu. Je, wewe ungejaribu?

Usidhani tumekaa tu. Mwinjilisti amekuja akaomba, siku hizi jambo hili halimchekeshi. Nilirudi dukani kulidai lile tairi bovu, hata kipande, yule kijana akanisikitikia. "Mathe, hiyo ilishaenda na gari la kampuni. Hairudi." Marwa alisimama mlangoni mwa zizi akakiri yote kwa sauti, akaomba radhi, "Tata, tulikosa, tuliona ni mpira tu." Haikusaidia kitu.

Nami najua kwa nini haikusaidia. Yule wa barabarani hakuwa baba. Baba ningemjua hata kwa kivuli chake, na baba asingenikosea hivi, mimi niliyemnawisha siku zake za mwisho. Sasa fikiria. Miaka yote hiyo Marwa amesimama pale mlangoni kila mnyama akitoka, anataja rangi yake, anataja anakokwenda. Baba hakuwepo. Nani alikuwa anasikiliza? Nani alikuwa anazipokea zile taarifa moja baada ya nyingine, mpaka akaona kundi lile ni lake?

Wewe una mtu wako kaburini, nina hakika, na pengine unamsemesha unapotoka nyumbani au unapofungua mlango. Sikukatazi kumkumbuka. Mkumbuke, mlilie, mwombee. Lakini usimpe taarifa za nyumba yako kwa sauti, maana masikio yaliyo karibu si lazima yawe yake. Na ukiulizwa na usiyemjua ni nani alishika, kaa kimya. Mimi nilijibu kwa sababu Marwa alikuwa amefungua mdomo, na nikiulizwa tena leo, akiwa amekaa pale pale pembeni yangu, nitajibu vile vile.

Mjukuu wangu anatembea sasa. Kule Isebania amenipa jina, bibi wa mchana, kwa sababu kila akiamka usiku akinitafuta, anaambiwa nimeshakwenda kulala na ng'ombe.