Kitanda cha Mama Kinachovuta Pikapu

Tangu nipate akili, Mama alikuwa analala juu ya magunia. Anatoka Goma kwenda kwao Butembo, ananunua maharagwe na viazi soko kwa soko, na giza likimkuta njiani anapanda nyuma ya pikapu yetu: kitenge kimoja chini, kingine juu, basi. Alipoanza kushuka garini ameshika mgongo, akisema "si kitu, si kitu" kabla hata sijamuuliza, nikaota gari lenye kitanda ndani.

Nyumbani kwetu Majengo ndoto zangu zinajulikana. Masomo niliyaacha katikati ya sekondari, lakini kuota sijaacha. Nimeshaota hoteli kando ya ziwa, nikaota shamba la nyuki. Mama ananisikiliza huku anachambua maharagwe, kisha anauliza, "Umemaliza? Lete maji." Safari hii hakuomba maji. Aliuliza, "Na pikapu je?"

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Gari la kulala ni kubwa, haliwezi kuingia vijia vya mashamba. Pikapu ndiyo inayoingia kwenye matope kuchukua mzigo. Na dereva ni mimi peke yangu, kwa hiyo gari la kulala lilipaswa kuivuta pikapu njia nzima. Tukifika sokoni, linasimama, Mama anapika na kupumzika, mimi nafungua pikapu na kwenda mashambani. Na pikapu yetu ina uzito wa ajabu. Papa, Mungu amlaze pema, aliiwekea sakafu ya chuma na mbavu za chuma, akasema hii itatuzika sote. Mimi neno hilo sikulipenda. Kila nikifumba macho naona mteremko wa Kabasha, kwenye njia ya Butembo, pikapu inasukuma gari kutoka nyuma, na Mama yumo ndani kitandani. Na uwezo wetu ulikuwa wa kununua gari moja tu.

Muzee mmoja wa mtaa wa Katindo, muuza magari, alikuwa na mawili ya kutuonyesha. La kwanza lilikuwa basi dogo jeupe, na ndani, jamani! Kitanda chenye matela nene, rido za maua madirishani, sinki ya kuoshea sahani. Nililipenda papo hapo. La pili lilikuwa kamyo ya zamani yenye sanduku la bati mgongoni, iliyokuwa ikibeba sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani. Ndani hamna kitu, harufu tu.

"Hii nyeupe inavuta hata nyumba," Muzee alisema.

"Nyumba haina haja ya kwenda Butembo," Mama akajibu. "Ifunge kwa pikapu yangu, twende Kibati."

Huku kwetu huwezi kununua gari bila kulipandisha mlima wa Kibati na kulishusha. Muzee alikuwa amejitayarisha: vijana wake walikuwa wameshajaza pikapu yetu mawe ya volkano mpaka juu, rundo kubwa jekundu. Nikamwambia Mama, "Ona, uzito huo! Likipanda na huo, tumemaliza."

Mama akanyoosha mkono, akachukua jiwe kubwa kama kichwa cha mbuzi, akalirusha juu na kulidaka kama mandazi ya moto.

"Muzee, haya mawe yametoka jikoni kwa nani? Mbona yameumuka hivi?"

Vijana wakaangua kicheko. Mimi nilizaliwa juu ya mawe hayo, nimeyachezea utoto wote, najua kwamba jekundu lenye matundu ni jepesi na jeusi lililoshikana ndilo zito. Lakini rido za maua zilikuwa zimenifunga macho.

Muzee naye hakuona haya. "Mama, wewe unataka kuua gari yangu?"

"Yako ikufe hapa, kuliko mimi nikufe Kabasha."

Mawe yakamwagwa, nikabakiza machache ya kuzuia magurudumu. Tukapanda, Muzee kwenye usukani, pikapu ikifuata nyuma kwa chuma cha kuvutia, bila mtu ndani. Juu Kibati wamama wa viazi na makabichi walikuwa wanangoja gari la kuja mjini. Mama akawaita kwa Kinande, lugha ya kwao, na wasiojua Kinande wakaelewa neno "bure". Magunia yakajaa pikapu, wenyewe wakaingia ndani, wakakaa juu ya kitanda.

"Dada, hapa ndipo utakuwa unalala?" mmoja akamwuliza Mama huku anarukaruka juu ya matela. "Hautarudi tena kwa watoto!"

Kicheko hicho hakikwisha vizuri. Tulipoanza kushuka, nilihisi mgongoni kama mtu anatusukuma kwa mkono wa polepole. Muzee alikanyaga freni, ikatoa harufu ya kuungua. Wamama wakashikana. Akaelekeza gari kwenye ukingo, likasimama likitetemeka, nami nikaruka na jiwe jekundu, nikaliweka mbele ya gurudumu. Likasagika kama mkate mkavu. Nikakimbilia jeusi lililokuwa kando ya barabara, nikalisukuma kwa mikono miwili na kifua. Hilo likashika.

Mama alishuka wa mwisho. Hakulia wala hakugomba. "Muzee," alisema, "tuma mutu alete ile ya sambaza."

Ile ya sambaza ikaja ikinguruma. Tukaifunga kwa pikapu ileile, mzigo uleule. Wamama walikataa kuingia. "Harufu," walisema, lakini nilijua ni woga, wakasimama kando na rozari. Tulishuka sisi watatu. Nilikuwa na jiwe jeusi mapajani, nimelikumbatia kama mtoto. Muzee akaweka gia ndogo, moteri ikalalamika kwa sauti nzito, na kamyo ikashuka kwa hatua za bibi harusi. Freni aliigusa kidogo tu. Mgongoni hakuna mkono. Chini, kwenye tambarare, niligundua kwamba nimeng'ang'ania lile jiwe mpaka vidole vimekufa ganzi, nikacheka mpaka machozi yakatoka.

"Unacheka nini?" Mama akauliza.

"Sijui, Mama. Tuko hapa."

Tuliinunua. Nikaisugua kwa sabuni na ndimu, harufu ikapungua lakini haikuhama. Nikatengeneza kitanda cha mbao, nikaweka matela, nikamwita Mama akipime kabla ya safari. Alijinyoosha, miguu ikafika mwisho wake bila kukunjwa. Mimi nikaanza hadithi ya rido: kwamba nitaweka za maua, au labda za bluu ya ziwa, na huku dirishani kibao cha kuwekea redio...

Nilingoja aniambie nilete maji. Alikuwa amelala.