Faili Aliloliacha Wazi Mama Sekretere

Je, nikilinyang'anya faili mkononi mwa mama sekretere, naye kesho akabonyeza kuhifadhi kwa mazoea, dawa zitafika? Swali hilo lilinifanya nikeshe nyumbani, mtaa wa Gihosha pembeni ya jiji, risasi za vita zikisikika upande wa vilima, nami nikiogopa zaidi kosa ambalo bado sijalifanya.

Nilikuwa nimetoka chuo karibuni, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutunza kompyuta za ofisi moja ya mtaa wa Rohero, katikati ya jiji, iliyopeleka dawa mikoani. Mafaili yote yalikaa kwenye mashine kubwa ya UNIX. Wafanyakazi waliyafungua kutoka kompyuta zao za Windows. Aliyetangulia kufungua faili alilishika: wengine waliweza kulisoma tu, hawakuweza kuliandika, hadi alifunge. Utaratibu mzuri, mahali ambapo watu hufunga mafaili. Sisi, saa ya kutotoka nje ikikaribia, tuliacha kila kitu kilivyo, tukafunika kompyuta kwa kitenge kuzuia vumbi na kukimbilia basi. Mama sekretere, mwandishi wa orodha za mizigo, alipiga na kufuli mlango wa chumba chake, funguo akaenda nazo.

Jioni ile alikuwa ameshaondoka wakati muuguzi wa kituo kimoja cha milimani alipotuita kwa redio. Malaria ilikuwa imewaangusha watoto, na kwinini ilikuwa imekwisha. Lori la kesho lingeweza kuongeza makatoni? Stoo yalikuwepo. Lakini askari wa bariyeri, kizuizi cha barabarani, hawakukubali mzigo ulioongezwa kwa kalamu. Lazima uonekane kwenye karatasi iliyochapwa, na karatasi hiyo ilitoka kwenye faili la orodha ya mzigo, ambalo mama alikuwa bado amelishika.

"Injeniya, vunja tu," shofere wa lori aliniambia, ameegemea mlango.

"Na kama hakuhifadhi kazi yake?"

"Mama? Ule anahifadhi kila saa, kama mutu anayefanya ishara ya musalaba. We unaogopa yeye, apana kompyuta."

"Mi naogopa vyote viwili."

"Basi ogopa na malaria."

Kuvunja kwenyewe kulikuwa rahisi. Kutoka upande wa UNIX ningekata muunganisho wake, na faili lingekuwa huru. Kilichoninyima usingizi ni kile ambacho kingebaki kwenye kioo cha kompyuta yake, chini ya kitenge: faili la zamani, lisilo na kwinini. Angefika, angebonyeza kuhifadhi, na la zamani lingefuta jipya. Tena askari walikuwa na desturi ya kuita ofisi kwa redio wasomewe mzigo, na msomaji alikuwa mama, kutoka kioo hicho hicho. Asichokisoma hushushwa. Nitengeneze nakala? Tulishawahi kuwa na nakala mbili zenye namba moja, na shofere alilala bariyeri kwa sababu hiyo. Nimngoje mwenyewe? Yeye hupitia kanisani kwanza, na msafara wa malori yanayolindwa na askari haumngoji mtu.

Niligeuka ukutani, nikageuka tena. Kulipopambazuka nilitoka bila chai.

"Umelala?" shofere aliuliza kwenye geti la ofisi.

"Apana."

"Macho inaonyesha."

Nilikata muunganisho wa mama. Faili likafunguka bila ubishi, jambo lililonitia wasiwasi mpya. Niliangalia kazi ya mama mstari kwa mstari, yote ilikuwepo. Nikaongeza kwinini, nikahifadhi, nikachapa. Mtunza stoo akapakia, shofere akatia karatasi kifuani, lori likaenda kujiunga na msafara.

Kisha nikabeba kiti na kukiweka katikati ya mlango wa mama sekretere, nikakaa. Kila redio iliponguruma nilisimama, nikakaa tena.

Alitokea na mkoba na mwavuli, akasimama mbele yangu.

"We mutoto, mulango yangu imekuwa benchi?"

"Samahani, mama. Leo usibonyeze kitu. Unifungulie tu, nitakueleza nikiwa ndani."

"Umeharibu nini?"

"Sijui bado. Ndiyo maana nimekaa hapa."

Alitoa funguo, akazitia mkononi mwangu. Niliondoa kitenge, nikalifunga faili la jana bila kulihifadhi, nikafungua la leo. Alikuwa angali amesimama, mkoba begani, askari walipoita. Alichukua redio, akainama kwenye kioo, akaanza kusoma. Alipofika kwenye kwinini alinigeukia, kisha akaisoma kwa sauti kubwa.