Vistari vya Mwalimu Dama

Mwalimu Dama alifundisha fizikia Mtopanga, na mumewe, Munga, alikuwa baharia. Miaka mitatu iliyopita Munga alipanda meli ya mizigo pale Kipevu, na tangu hapo kimya. Kimya gani, nacho kina makelele? Watu hawakuacha kumwona. Huyu kamwona Durban, yule anaapa alikula naye samaki Karachi. Mara moja simu ya ugenini ililia, mtu akapumua, ikakatika. Kila fununu Dama aliifuata hadi mwisho, na mwisho wake ulikuwa mtu mwingine kabisa.

Sasa mama mkwe wake, Sidi, alitaka hanga, yale matanga ya kwao. Alitaka jamaa walale mikekani, wamlilie mwanawe na kumwimbia, kabla yeye mwenyewe hajafa. Wazee wakasema hanga la mtu asiyeonekana haliwekwi mke akikataa. Jibu lilitakiwa Jumamosi.

Ijumaa kulikuwa na somo la miale itokayo anga za mbali. Binamu ya Dama, Kai, anayeshughulikia mizigo ya ndege Port Reitz, humwekea barafu kavu inayobaki kwenye maboksi ya chanjo. Dama aliweka juu yake sanduku la kioo lenye kitambaa kilicholowa spiriti, akafunga madirisha, akamulika tochi. Ukungu ukatulia ndani, kisha vistari vyeupe vikaanza kupita, kimoja hapa, kimoja kule, kila kimoja alama ya chembe iliyopita. Kidato cha Tatu kizima kikainuka madawatini kuchungulia.

"Nyota kubwa ikilipuka," alisema, "wimbi la mlipuko husukuma chembe mpaka zikaribie mwendo wa mwanga. Ndipo zinaposafiri."

Swabra, mwanafunzi wa mbele, alifuata mstari mmoja kwa kidole. "Madam, nikirudi nao nyuma nitaifikia nyota yake?"

"Huifikii. Chembe ina chaji, na galaksi imejaa sumaku. Inapindwa huku, inapindwa kule, mamilioni ya miaka. Ikifika kwetu, upande iliotokea hauna maana tena."

"Lakini si hii imefika?"

"Hii siyo ile. Ile iligonga hewa huko juu ikavunjika. Hivi ni vipande."

Kila mwaka alilifundisha somo hilo kwa mbwembwe. Safari hii maneno yalimrudia mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi. Elimu yote ile, na miaka mitatu alikuwa akirudi na vistari nyuma. Alijionea uchungu na hasira pamoja.

Jumamosi alimwambia Sidi, "Mama, mlilieni." Mikeka ikatandikwa, watu wakalia na kuimba, ng'ombe akachinjwa.

Siku ya kuvunja hanga, Sidi alimvuta nyuma ya jiko, sauti imemkauka kwa kulia.

"Dama."

"Abee, mama."

"Ile namba ya ugenini. Ungali nayo?"

Alikuwa nayo. Akaipiga, wakasikiliza pamoja, vichwa vimegusana. Iliita mpaka ikakatika.

"Piga tena," akasema Sidi.