Nilitumia asidi ya madebe kwenye radio ya askari, Rumonge 1972

Wakuu, heshima zenu popote mlipo. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu, na chumvi sijaongeza.

Juzi humu kuna kijana kauliza kama anaweza kutumia asidi ya mafundi bati kuunganishia nyaya za radio, maana flux ya dukani, ile dawa ya kushikishia lehemu, kaikosa. Mkamjibu "tumia tu mkuu, inashika balaa". Wallahi niliacha chai yangu ikapoa. Nyie mnacheza.

Nimezaliwa Rumonge, Burundi, kando ya ziwa Tanganyika. Babu alitoka Congo, na Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani kwetu. Kaka yangu mkubwa, Kassimu, alikuwa na kibanda karibu na soko. Yeye anatengeneza radio, mimi naziba madebe ya mawese yaliyotoboka.

Kulehemu debe hakuhitaji ustaarabu. Unapasha kwenye mkaa kipande kinene cha shaba chenye mpini, unapaka asidi kwenye bati, lehemu inayeyuka na kukimbia yenyewe. Asidi tuliiandaa wenyewe kwa kutumbukizia vipande vya ganda la zinki la betri kuukuu ya tochi mpaka iache kuchemka. Moshi wake unakaba koo. Kikohozi nilichonacho leo nakijua kilikotoka, kwa hiyo msiige.

Kwenye radio Kassimu alitumia utomvu mkavu wa rangi ya asali, aliununua Bujumbura. Unakwenda polepole, lakini hauli waya. Kila siku ananiambia, "Asidi yako ibaki kwenye madebe."

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, najiona fundi kamili. Siku moja Kassimu kaenda Minago, akaja askari na radio ndogo, waya wa betri umekatika. Nikajisemea, kaka wa kumsubiri wa nini? Nikapaka asidi, lehemu ikashika paap! Radio ikaimba, askari akaondoka anacheka.

Kaka sikumwambia.

Miezi michache baadaye mambo yakaharibika. Siasa siziweki humu, wenye umri wanajua. Mapigano yalianzia huku kwetu kusini, kisha askari wakajaa, na watu wakawa wanachukuliwa mchana, majina yao yako kwenye karatasi. Gari linasimama, mtu anaitwa, anapanda. Harudi.

Ndipo radio ile ikanyamaza.

Askari watatu walikuja nayo asubuhi, mwenyewe hakuwamo, mmoja akaitupa mezani. "Iko kimya. Nani aliifungua?"

Mjue siku zile fundi radio alishukiwa hata akiwa amelala. Wanasema anawapelekea waasi habari, wanasema anaharibu radio makusudi. Nikafungua mdomo niseme ni mimi. Nikaufunga. Niliogopa, wakuu.

Kassimu, ambaye hakuwahi hata kuiona radio ile, akafungua mfuniko. Akaona nyaya zimeota kutu ya kijani pale nilipolehemu. Akanitazama, akaelewa.

"Ni mimi, shefu," akasema.

"Basi weye kaa chini. Mudogo wako aitengeneze. Ikikataa, tunaenda na weye."

Kassimu akakaa kwenye vumbi, mikono kichwani.

Sasa wanaojifunza someni taratibu, maana kila hatua niliifanya nikimwona kaka yangu pale chini.

Nilitoa betri kwanza. Usiguse kitu chenye umeme ndani. Ile shaba yangu ilikuwa nene mno, nikazungushia waya mgumu wa shaba kwenye ncha mpaka ukatokeza kama kidole. Nikakwangua kutu hadi waya ukawa mwekundu, nikapaka utomvu wa Kassimu. Halafu unapasha waya, siyo lehemu. Lehemu iyeyuke kwa joto la waya wenyewe, hapo ndipo inashika.

Mkono ukatetemeka kabla haijaganda. Ikawa ya kijivu, ina chembechembe. Joint ya namna hiyo usiiamini hata kidogo, irudie.

"Bado?" askari akauliza.

"Bado, shefu."

Kassimu akanong'ona, "Egemeza kiwiko. Toa pumzi kwanza ndiyo uguse." Akapigwa teke la mbavu.

Nikaegemeza kiwiko. Nikabana kwa koleo mguu wa transista, kile kifaa kidogo jirani na waya, ili joto lisikiunguze. Nikatoa pumzi, nikagusa, nikaondoa, sikutikisika. Ikaganda inang'aa.

Nikarudisha betri. Kimya. Ya Rabi! Kisha mkoromo, kisha sauti ya mtu anasema nchi imetulia.

Wakaichukua wakaondoka. Mimi nikaenda nyuma ya kibanda nikanawa mikono.

Kassimu akanifuata, kashika mbavu. "Asidi umeitoa yote?"

Asidi ilishaingia chini ya kile kibao kinachobeba vifaa ndani ya radio. Ilitaka kibao kitolewe chote, kioshwe kwa maji ya magadi, kikaushwe. Mbele ya bunduki ningeanzia wapi?

"Hapana, kaka."

"Itashika muda gani?"

"Wiki mbili. Labda tatu."

Nilingoja anizabe kofi. Akatazama kibanda chake, radio za watu kwenye rafu. "Basi zikifika tusiwepo," akasema.

Kesho yake tuliondoka mchana kweupe, tumebeba shaba, mkaa, chupa ya asidi na madebe matupu, kama mafundi wanaokwenda kazini Nyanza-Lac. Kwenye kizuizi askari alinusa chupa ya asidi, akakohoa, akatupungia mkono tupite. Nyanza-Lac tukapata mtumbwi mpaka Kigoma.

Baada ya mwezi mtu wa kwetu alitufikia. Akasema mafundi wote wa ile safu ya sokoni waliitwa asubuhi moja. Fundi saa, fundi baiskeli, wote. Hakurudi hata mmoja.

Kwa hiyo ningelehemu vizuri siku ya kwanza, tungebaki. Nimelifikiria hilo miaka yote na sijapata pa kuliweka.

Vijana, asidi ni ya mabati, kwenye elektroniki tumia flux ya utomvu. Fungua dirisha, vaa miwani, nawa mikono kabla ya kula, lehemu ina sumu. Na ukiharibu, sema. Kassimu aliishi Kigoma mpaka akazeeka, na hakuna siku aliyonikumbusha. Alipokuwa mgonjwa ndipo nikatamka wazi kwa mara ya kwanza, "Kaka, ile radio ni mimi niliyeiharibu." Akasema, "Najua. Nilikuwa nangoja useme."

Nani humu ana jambo la hivi ambalo bado hajalisema? Uwanja wenu, nasoma yote.