Mama amefuta historia ya jiwe la Misri kwa asetoni ya kucha

Wakuu, wakubwa shikamooni, wenzangu wa madaftari mambo. Naapa kwa bando langu, hapa sijatia chumvi.

Nasoma hapa Guangzhou. Nikitoka shule nakaa ofisini kwa mama, jengo la Tianxiu, anakofungasha mizigo ya cargo kwenda Dar.

Jirani yetu wa korido ni Ammo Sami, Mmisri aliyejifunza Kiswahili kwa wateja. Jana akatuachia box. Kesho yake, yaani leo, mtu wa makumbusho anakuja kuliona.

Ndani kuna kipande cha jiwe, saizi ya tofali, kimechongwa jamaa wa kale mwenye pua kama ya ticha wangu wa hesabu. Nikampiga picha, nikamvalisha miwani kwa app.

Nyuma sasa: lebo ya duka la Cairo, lebo ya mnada alikolinunua Ammo, na namba ya wino ya Mzungu aliyelimiliki kabla.

Ammo alishanieleza, hizo ndizo passport ya jiwe. Zinaonyesha lilitoka Misri zamani, kuuza kukiwa bado ruksa. Bila hizo wewe ni mwizi tu.

Nikatoka kununua noodles. Noodles tu, wakuu!

Mnawajua mama zetu wa biashara. Mzigo ukiingia, kwanza lebo ya kiwanda itoke, ndipo ya kwake ibandikwe. Mkono unajiendea wenyewe.

Narudi, hair dryer inavuma, kisu kinakwangua. Namba keshaifuta kwa asetoni.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimemsaidia mzee wa watu. Mgeni aje akute vistika vichafu?"

Nilipomweleza akashika mdomo. Halafu akapona haraka mno: "Si tuchapishe nyingine? Yule laoban, bosi wa lebo kule soko la Zhongda, anatoa nzuri kuliko hizi."

Ammo alikuwa mlangoni. Akageuza jiwe.

"Mama Baraka, hizo nzuri ndizo za kunipeleka jela."

Tukamwaga dustbin mezani, watatu, tukaokota vibanzi. Picha zangu? Zote za mbele, na miwani!

Tumepata nusu ya lebo ya mnada. Ya Cairo ni unga. Ammo kaamua kumwambia mgeni ukweli, na mama aseme kwa mdomo wake.

Funzo: kabla hujasafisha cha mtu, muulize kama huo ni uchafu.

Wajuzi wa wino uliofutika, mwageni maujuzi sasa hivi. Mgeni yuko kwenye lifti na mama kavaa kitenge cha harusi.