Muuza Dawa Aliyekuwa Mgumu Kuuza

Naanza kuandika haya Ijumaa, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, nimekaa kwenye kizingiti cha jiko letu hapa Mwika, viatu vya shule bado viko miguuni. Muda si mrefu uliopita simu ya mama ililia, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na utomvu wa ndizi akaniambia nimsomee. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa ameandika kwenye kundi letu kwamba mama wa duka la dawa, yule wa juu kidogo ya soko, ametutoka leo mchana hospitalini mjini Moshi. Ninyi mnaosoma safu hii kwenye ubao wa maktaba kila Jumatatu mnajua huwa siandiki majina ya watu, na leo pia sitaandika. Wengi wenu mtamjua tu. Ni yule aliyefunga miwani yake kwa uzi mweusi, yule aliyewahi kukunyima dawa ukatoka umenuna.

Pole za watu zilikuwa hazijafika hata kumi, uchunguzi ukaanza. "Ni presha hiyo, mimi nilimwona kanisani Jumapili uso umevimba," mmoja akaandika. "Presha wapi? Hiyo ni sukari, mimi watu wa sukari nawajua kwa kutembea," akajibu mwingine. Wa tatu akasema ni harufu ya zile dawa aliyokuwa akiivuta kutwa nzima. Wa nne, ambaye kwa kawaida haandiki kitu hata salamu, akatuma video ya mtu aliyevaa koti jeupe akihesabu dalili saba za ini bovu. Mama alisikiliza yote, kisu kimesimama juu ya ndizi, halafu akasema, "Hawa watu wangemtafutia ugonjwa hata Lazaro, na alishafufuka." Ndipo mume wa marehemu alipoandika: "Asanteni kwa pole zenu. Naomba msimtafutie mke wangu ugonjwa. Waliompima wametueleza, na kwetu inatosha." Mimi nikachukua kalamu, kwa sababu nina deni la maneno kwa yule mama, na sasa sijui nitamlipa wapi.

Niwaeleze duka lilivyokuwa. Mlangoni palikuwa na benchi la mbao lililong'aa kwa kukaliwa, na ndani kulinuka spiriti na tangawizi, kwa sababu alikuwa na chupa ya pipi za tangawizi aliyoitumia kama dawa ya wasio wagonjwa. Kabla ya duka alikuwa muuguzi miaka mingi, na alipostaafu hakuacha kuuguza. Siku za soko kina mama walitua mikungu yao ya ndizi kwenye kibaraza chake, wakapumzika, wakauliza mambo ambayo wasingeyauliza kwingine. Mtu akiingia na kutaja dawa, yeye hakugeukia rafu. Alishusha miwani na kuuliza, "Umepimwa?" Tulipokuwa shule ya msingi tulikuwa tunapita pale mbio tukipiga kelele, "Umepimwaaa?" naye anatoka mlangoni na ufagio, anajibu, "Bado! Njooni niwapime adabu!" Mvua ikitukuta njiani tulijificha kwenye kibaraza hichohicho, na pipi tulipewa hata sisi wenye kelele. Leo nikifikiria utoto wangu, nausikia una ladha ya tangawizi.

Siku moja nilikuwa kwenye benchi nikisubiri mvua ikatike. Akaingia mzee mmoja mwenye shamba la kahawa, mtu mwenye heshima zake, maji yanamchuruzika kwenye kofia.

"Shikamoo, meku," mama wa duka akamwamkia, kama sisi Wachagga tunavyomwita mzee.

"Marahaba, mama. Nipe dawa ya figo."

"Nani kakwambia unaumwa figo?"

Mzee akaweka simu juu ya kaunta kama mtu anayeonesha kitambulisho. "Soma mwenyewe. Mgongo, uchovu, mkojo wa njano. Vyote ninavyo."

"Hata mimi ninavyo, na nimetoka kupalilia."

Watu kwenye benchi wakacheka. Mzee hakucheka. "Wewe uza, mama. Usipouza nashuka mjini."

"Utashuka, barabara ni yako. Lakini nifundishe kwanza. Kahawa yako ikianza kuugua, unaipiga dawa gani?"

"Inategemea. Lazima nigeuze jani nitazame, nishike na buni zake. Kama ni kutu ina dawa yake, kama ni chulebuni, ule ugonjwa wa kuozesha buni, ina yake."

"Na ukipiga bila kugeuza jani?"

Mzee akaangalia nje, mvua inavyopiga. "Nitakuwa nimemwaga dawa, na mti ukafa."

"Basi, meku, huo mgongo uuheshimu walau kama mti wa kahawa. Nenda wakageuze jani."

Mzee akaichukua simu yake, akatoka bila kuaga. Siku ya soko iliyofuata nilimwona akiteremsha mkungu mzima wa ndizi kwenye kibaraza kile. Hospitali walimkuta na nini hakusema, na mama wa duka hakumuuliza.

Kwenye kundi la simu, hata hivyo, mambo yalikuwa tofauti. Kule kila mtu ana video yake, na kila video ina ugonjwa wake. Mama wa duka akiandika kwamba mtu asimeze dawa ya kuua bakteria kwa kukisia, wanamrukia. "Duka la dawa lisilouza dawa ni sawa na bucha ya majani," mmoja alimwambia, watu wakacheka siku mbili. Lakini nisiwe mwongo, si wote waliokuwa wakibisha kwa ubishi. Kuna dada mmoja aliyeeleza kwamba alikaa foleni kutwa nzima na mtoto mgongoni, alipofika kwa daktari hakuangaliwa hata usoni. Kuna kaka aliyeambiwa ana taifodi mara tatu, sehemu tatu, akameza dawa zote tatu, na homa ikabaki. Watu kama hao ukiwaambia waende hospitali wanasikia unawatania. Mama wa duka aliwajibu bila hasira: "Kuogopa dawa siyo kosa. Mimi nimezishika maisha yangu yote na bado naziogopa. Ndiyo maana nauliza kabla sijazitoa. Na wewe ukipewa, uliza. Uliza unatibiwa nini, na wamekijuaje." Sasa naona kwamba yeye na wale waliombishia walikuwa na hofu moja. Tofauti ni kwamba wao hofu iliwapeleka kwenye simu, na simu haina foleni wala haikutazami kwa dharau. Nawaelewa. Mimi nina aibu, mnajua, hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni huwa namwandikia mwalimu kikaratasi. Simu ndiyo ilikuwa daktari wangu.

Tangu muhula uliopita nimekuwa nikipata kizunguzungu. Nikipanda kilima kutoka shule moyo unadunda hadi masikioni, na vidole vinakuwa baridi hata jua likiwaka. Nikatafuta kwenye simu ya mama, video ya kwanza ikasema ni moyo, ya pili ikasema ni moyo, nikaamini nina ugonjwa wa moyo na nikaanza kugawa vitabu vyangu kichwani, hiki apate nani, kile apate nani. Wiki tatu zilizopita, mama akiwa anakamua ng'ombe, nikaona mama wa duka ameandika tena kuhusu kupima kwanza. Sijui nilipatwa na nini. Mtu asiyeweza kunyoosha kidole darasani nikaandika kwa simu ya mama yangu, kwa jina la mama yangu: "Unaogopa tu kwa kuwa simu siku hizi inajua kuliko wewe." Zikamiminika sura za kucheka. Nilijisikia mkubwa kwa muda wa kama dakika tano.

Kesho yake mama akanituma plasta kwa huyohuyo. Nilitembea kama ng'ombe anayepelekwa machinjioni. Duka halikuwa na mtu mwingine. Nikaamkia, akaitikia, akaweka plasta kwenye kaunta, kisha akasema taratibu, "Ule ujumbe wa jana ni wako."

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Mwanangu, mama yako namjua tangu akiwa msichana. Angetaka kunisema angenisema kwa Kichagga, na angekuja mpaka hapa mlangoni. Sogea. Tazama juu." Akavuta kope yangu ya chini kwa kidole gumba, akaangalia jicho la kwanza, akaangalia la pili. Mkono wake ulikuwa wa moto. "Ndani kumepauka. Sikuambii una nini, mimi siyo mashine, na hata simu siyo mashine ya kupimia. Nenda zahanati, wakutoe damu waitazame. Utakwenda?"

Nilisema ndiyo, nikakimbia, plasta nikaiacha palepale. Sikuomba msamaha. Na zahanati sikwenda. Niliogopa mambo mawili kwa pamoja: kwamba wangenikuta naumwa moyo kweli, na kwamba wangenikuta siumwi moyo, halafu ikajulikana kuwa nilimtukana mtu mzima bure.

Ninyi mliotoka mikoa mingine huenda mmeyaona yale majani marefu tunayopanda mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya nyumbani, yanaitwa isale. Hapa kwetu, ukiwa umemkosea mtu, unachuma jani la isale na kumpelekea. Huna haja ya hotuba. Anayepelekewa isale hawezi kukataa kusamehe, ndivyo tulivyorithi. Nafikiri desturi hii ilibuniwa na mtu mwenye aibu kama yangu. Nilichuma jani siku ileile jioni, nikalikunja ndani ya daftari la Biolojia. Kila asubuhi nilipita mbele ya duka, nikaona miwani ile yenye uzi imeinamia gazeti, nikajiambia nitaingia nikirudi. Nikirudi nikajiambia kesho. Leo nimelitoa, limekauka, limeacha alama ya kahawia kwenye mchoro wangu wa moyo wa binadamu.

Jana niliishia hapo. Haya ya mwisho naongeza leo Jumamosi, saa tano asubuhi, na sitaandika mengi. Niliamka kabla ya mama, nikachuma jani bichi mpakani, nikapanda hadi dukani. Nilijua limefungwa. Nilitaka tu kulifunga jani kwenye kufuli, niondoke kabla ya mtu kuniona. Nilipofika nikakuta kufuli halionekani. Lilikuwa limeshafungwa majani matatu ya isale, mabichi, yana umande. Sijui ni ya nani. Labda ni yule wa bucha ya majani, labda ni yule wa video ya ini. Kwenye kundi hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba anaomba radhi, na huenda hakuna atakayeandika. Kumbe hatukuwa wabishi kama tulivyoonekana. Tulikuwa waoga, kila mmoja na simu yake, na yule aliyetuuliza swali tulimwona adui kwa sababu swali lilihitaji twende tukasikie jibu.

Jani langu likawa la nne. Nilikaa kidogo kwenye benchi, mahali pangu pa mvua, kisha nikateremka zahanati. Nilikaa foleni. Muuguzi akauliza nina shida gani, nikafungua mdomo kusema moyo, nikajizuia. Nikamwambia, "Sijui. Naomba mnipime." Nikanyoosha kidole.